Ukanda wa Mgongo na Ukanda wa Ubavu

Kisa hiki nilikisikia kwanza kwa mama mkwe wangu, Bi Zena Shekuwe, Mwenyezi Mungu amhifadhi, siku mwanangu wa kwanza aliponyolewa nywele za akika. Kinyozi alikuwa akipitisha wembe kwenye ukanda wake, na Bi Zena, akiwa amempakata mjukuu wake, akatusimulia habari za waja wema waliotutangulia. Alisema kwamba katika mji mmoja wa Yemen, chini ya milima, zamani za misafara ya ngamia, aliishi mwanamke mchamungu aliyeitwa Unaisa binti Wahbi, mke wa kinyozi Hamduni.

Kazi ya mikono ya Unaisa ilijulikana mji mzima. Jiwe huunoa wembe, lakini wembe uliotoka kwenye jiwe bado hukwaruza. Ukanda wa ngozi ndio unaoyalainisha makali, hata wembe ukapita kichwani mwa mtoto mchanga asigutuke. Kanda hizo alizitengeneza Unaisa. Aliloweka ngozi katika maji ya chokaa, akaikwangua manyoya, akaiweka miezi kadhaa katika shimo la maji ya maganda ya mgunga, akaitandaza, akaikata, kisha akaisugua kwa jiwe laini na mafuta ya kondoo mpaka ikang'aa. Kila alipoanza alisema Bismillahi. Kila alipomaliza alifumba macho akaupitisha ukanda shavuni mwake, akitafuta kama kuna hata punje ya mchanga iliyojificha.

Mwaka huo Zahwa, mke wa kinyozi Saadani wa mtaa wa pili, alimletea ngozi ya ng'ombe wao wa udhiya, aliyechinjwa sadaka siku ya Idi. Ngozi ya udhiya haiuzwi wala haitolewi kuwa ujira, kwa hiyo walipatana kama watu wanaomcha Mola wao.

"Dada Unaisa," alisema Zahwa, "nitengenezee mume wangu ukanda mmoja kwa hisani yako, uukate mgongoni. Ngozi itakayobaki ni zawadi yangu kwako, si malipo."

"Nimekubali," alisema Unaisa. "Mgongo ni wako."

Ng'ombe ana mgongo mmoja tu. Hapo ngozi ni nene na imeshikana. Ngozi ya ubavuni hulegea, na wembe ukipitishwa juu yake hudidimia kidogo, makali yakapinda bila mtu kuona. Unaisa alikata ukanda wa Zahwa mgongoni, na wa pili akaukata ubavuni kwa ajili ya mumewe, maana ule wa zamani wa Hamduni ulikuwa umepasuka. Zilipokwisha kupakwa mafuta, kanda hizo mbili zilifanana kama mapacha. Vidole vyake yeye tu ndivyo vilivyojua upi ni upi.

Zilikuwa zinaning'inia kwenye kigingi, tayari kabisa, Hamduni alipoingia nyumbani mbio, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna.

"Binti Wahbi, acha kila kitu unisikilize."

"Nimekwisha kuacha. Kiatu kimoja umekiacha wapi?"

"Sijui, labda msikitini. Sikiliza. Kinyozi wa msafara wa hija macho yamemdhoofikia, na Amiri wa msafara anatafuta mwingine hapa hapa mjini. Atakayechaguliwa atakwenda Makka kwa ngamia wa msafara, yeye na mkewe. Yeye na mkewe, umesikia? Atawanyoa mahujaji Mina. Tumebaki wawili, mimi na Saadani. Tutajaribiwa kesho baada ya Alasiri."

Unaisa alikaa chini kwa furaha. Tangu walipooana, kila mwaka wao wawili walisimama nje ya lango la mji kuusindikiza msafara, na hawakurudi mpaka vumbi lilipotua. Hawakuwa na ngamia wala njia ya kumpata.

"Ukanda mpya uko tayari?" akauliza Hamduni.

"Uko tayari."

"Basi ni kama tumefika."

Jioni ile Hamduni alizunguka uani akiitamka Labbaika, itikio la mahujaji, mpaka majirani wakachungulia. Unaisa alitia chumvi mara mbili katika mchuzi, na Hamduni akaula wote akisema hajapata kula chakula kitamu kama hicho. Lakini Unaisa alikuwa akiwaza jambo jingine. Macho yake yalikuwa kwenye kigingi.

Asubuhi Zahwa alikuja kuchukua amana yake. Naye alikuwa na furaha tele, maneno yakimtoka kama maji.

"Jamani, sikulala. Mume wangu amenifundisha dua zote za safari, na mimi nimezichanganya zote. Dada, usininunie, mmoja wetu atakwenda na mmoja atabaki, ndivyo ilivyo. Ukibaki wewe nitakuletea maji ya Zamzam."

"Na ukibaki wewe?"

"Mimi sibaki," alisema Zahwa, na wote wawili wakacheka.

Kisha Zahwa akazitazama zile kanda. Akagusa mmoja, akagusa wa pili, akaurudia wa kwanza. "Huu una rangi nzuri zaidi. Huu ndio wangu, sivyo?" Wala hakungoja jibu. Akautoa kwenye kigingi, akaukunja, akautia chini ya buibui lake. Ulikuwa ukanda wa ubavu.

Unaisa hakumsahihisha. Mwenye mali alikuwa amejichagulia kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemdanganya. Yeye alinyamaza tu, na Makka ikamkaribia hata akahisi kama anaiona. Zahwa aliaga, akavuka ua, akaweka mkono mlangoni.

Hapo Unaisa akajiuliza: nitakapofika mbele ya Al-Kaaba na kusema nimekuitikia, Mola wangu, nitakuwa nimefika kwa haki ya nani?

"Zahwa," akaita. "Rudi, mwenzangu. Ulioushika ni wa ubavu. Wako ni huu."

Zahwa akarudi, akavitazama vyote viwili, ukanda na uso wa Unaisa. "Mbona mimi nisingejua?"

"Ndiyo, usingejua," alisema Unaisa, akampa.

Zahwa aliondoka kimya, yeye ambaye hakuwahi kuondoka mahali kimya. Unaisa akaenda moja kwa moja kwa mumewe, aliyekuwa akipiga nyembe jiweni, akamweleza yote bila kuficha, hata ule ukimya wake wa kutoka kigingini hadi mlangoni.

Hamduni aliuweka wembe chini. Kisha akasema, "Kumbe ningepanda Arafa nimebeba haki ya mwenzangu kiunoni, na nisijue. Allah akulipe kheri, binti Wahbi. Nipe huo wa ubavu. Tutakwenda nao hivyo hivyo, na Mola ndiye mwenye kuchagua."

Baada ya Alasiri watu walijaa mbele ya msikiti, na watoto wakapanda ukutani. Ili pasiwe na upendeleo, Amiri alitoa wachunga ngamia wawili, ndugu wa tumbo moja, nywele zao ngumu kwa jua na vumbi la njia. Sharti lilikuwa moja: damu isitoke hata tone.

"Kinyozi, taratibu," alisema yule aliyekaa mbele ya Hamduni. "Hiki ni kichwa, si gogo."

"Nitaamini nikiona ngozi yake," alisema Hamduni, na watu wakacheka.

Unaisa alisimama upande wa wanawake, Zahwa ubavuni kwake. Wembe wa Hamduni ulipita utosini, ukapita kisogoni, na kila alipousugua tena ukandani Unaisa aliuona unavyodidimia. Alinyoa kwa ustadi kama hajawahi kunyoa. Zahwa, bila kujua anafanya nini, alikuwa amemshika Unaisa mkono. Ilikuwa imebaki sehemu ndogo tu nyuma ya sikio, na hapo likatokea tone moja la damu, dogo kama punje ya mtama.

Kichwa alichonyoa Saadani kilitoka safi. Amiri akamwita kwa jina lake, na takbira zikapaa. Unaisa naye alitoa takbira, machozi yakimtiririka, na hakujua ni ya huzuni au ya furaha, maana moyo wake ulikuwa mwepesi ajabu.

Kabla ya Magharibi Saadani alifika nyumbani kwao pamoja na mkewe. Zahwa alikuwa amemweleza. Saadani akautandaza ule ukanda mikononi.

"Ndugu yangu Hamduni, tumwendee Amiri. Nafasi hii ni yako."

"Ukanda ni wako, na kichwa umekinyoa wewe," alisema Hamduni. "Sisi tuna ombi moja. Ukifika Mina, kila unapoupitisha wembe juu ya ngozi hii, mtaje aliyeitengeneza, umwombee."

"Wallahi nitamtaja," alisema Saadani.

Basi mwaka ule, katika uwanja wa Mina, jina la mwanamke aliyebaki nyumbani lilitajwa mbele ya Mola wake kwa kila kichwa kilichonyolewa. Wapo wanaofika kwa miguu yao, na wapo wanaofikishwa kwa ukweli wao. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wakweli, hata pale ambapo hakuna ambaye angejua.

Kabla ya hayo, asubuhi iliyofuata shindano lile, ngamia wakifungwa mizigo, Unaisa alikwenda kwa Zahwa na mafuta ya kondoo. Akausugua ule ukanda kwa mara ya mwisho, ili hewa kavu ya safari isiupasue. Akafumba macho, akaulaza shavuni mwake, akasema taratibu, "Labbaika." Kisha akarudi nyumbani, akaloweka ngozi nyingine.