Rizaina Alivyopata Jina

Sogeeni! Ngano hii hakuna wa kunishinda kuisimulia.

Zimwi lilikuwa likila kila mtoto aliyefika siku ya saba bila jina. Binti wa Mwanahawa alifika hivyo, maana bibi zake, Riziki na Zaina, kila mmoja alitaka aitwe kama yeye.

"Jina!" zimwi likanguruma, likimvuta mtoto mguu.

"Riziki!"

"Zaina!"

Likavuta tena. "Jina!"

"Riziki, nimeshasema!"

"Zaina! Sibanduki!"

Likavuta mara ya tatu, mtoto akamponyoka mama yake.

Mwanahawa akapiga yowe: "Mama zangu, mwanangu analiwa! Aitwe Rizaina! Itikeni!"

Vikongwe wakaitika pamoja: "Abee!"

Zimwi likamwachia.

Ngano ndiyo hiyo. Mnataka maana ya Rizaina? Aliyeponea chupuchupu mikononi mwa bibi zake.