Sababu ya Kuamka

Mwanamke mmoja, jina lake Nakijwa, alikuwa na mdogo wake wa kiume, Kajiru, aliyeugua skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Wazazi walishafariki. Walibaki wawili katika nyumba ya mlimani, na shamba la tangawizi nyuma yake.

Kajiru alimeza dawa zake, lakini usiku hakulala. Alitembea sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta akibishana na sauti zake, na kadiri alivyochoka ndivyo zilivyozidi kumfokea. Nakijwa alilala upande wa pili wa mlango, akisikiliza nyayo. Alfajiri alikwenda shambani macho mekundu, jembe likimponyoka mikononi.

Ndugu walikuja na mashauri. Shangazi alisema ni mashetani, afukizwe. Akafukizwa, akakohoa, akakesha. Baba mdogo alitaka afungwe kamba kitandani. Nakijwa alimtoa nje kwa maneno makali. Jirani alisema dawa za hospitali ndizo zinazomharibu, aziache. Akaziacha siku nne, na ya tano alitoroka, wanaume sita wakamtafuta korongoni hadi jioni; dawa zikarudishwa. Kila mtu alikuwa na neno. Hakuna aliyejitolea kukesha naye hata usiku mmoja.

Mwisho Nakijwa aliishiwa na subira. Alimkokota Kajiru hadi zahanati, akapaza sauti mbele ya foleni nzima kwamba apigwe sindano alale, au yeye ndiye alazwe. Muuguzi alimgeukia Kajiru, akamuuliza siku yake huwa inakwendaje. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu. Kajiru akajibu:

"Mchana dada ananifungia dirisha nilale, wageni wasinione. Usiku ananigombeza kwamba silali."

Nakijwa akatazama sakafu. Ilikuwa kweli. Mchana Kajiru alipolala nyumba ilitulia, na aibu ililala pamoja naye.

Daktari wa zahanati aliridhia dawa zihamishwe kutoka asubuhi hadi jioni, na muuguzi akashauri Kajiru asilale tena mchana. Mengine yote yalimwangukia Nakijwa, na hayakuwa mepesi. Kulipokucha alimwamsha, akatukanwa, akamwamsha tena. Alimpa jembe na tuta lake mwenyewe la tangawizi, juani, mbele ya macho ya wapita njia. Chai ya rangi ilikoma saa nane mchana. Wiki ya kwanza waligombana kila siku, na mara mbili Nakijwa aliketi pale pale kwenye udongo akalia kwa hasira. Wiki ya tatu Kajiru alilala kabla ya saa nne usiku, akaamka saa kumi alfajiri. Sauti hazikuondoka. Zilipungua ukali, naye akapata nguvu ya kutozijibu.

Siku moja shangazi alipita, akamkuta Kajiru anapalilia, akasema kwa furaha kwamba yale mafusho yamefanya kazi. Nakijwa aliinama, akaendelea kulima.

Basi ninyi mnaolalamika kwamba mgonjwa wenu halali, nani kati yenu amempa sababu ya kuamka?