Barabara Inayotaka Jina Moja

Fumbo hili nimelisimulia mara nyingi, na jibu lake silijui mpaka leo. Sikilizeni, huenda nyinyi mkanisaidia.

Mtaa wa Mlekwa uko ukingoni mwa mji. Watu waliuziana viwanja kipande kwa kipande, kila mmoja akajenga, na hakuna aliyeacha njia. Zuhura aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, walimlaza juu ya mlango uliong'olewa, wakambeba wakizunguka kuta za watu kulitafuta gari lililosubiri ng'ambo. Alikata roho kabla ya kulifikia, yeye na mtoto wake.

Mumewe, Sefu, hakuwa msemaji. Lakini baada ya arobaini alianza kupita nyumba hadi nyumba na kamba ya kupimia, akiomba hatua chache za ardhi ili barabara ipite. Alifukuzwa, akarudi tena. Mwaka mzima.

Bi Nambua alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha, na ndivyo vilivyomlisha. Vilikaa katikati ya njia iliyotakiwa. Alivibomoa. Siku hizi anakaanga maandazi.

Mzee Chilewa hakuwa na cha kubomoa. Kwenye kona ya kiwanja chake alizikwa binti yake, Tausi, aliyefariki akiwa na miaka tisa. Alikubali kaburi lihamishwe. Siku ile hakula.

Barabara ikapita. Baadaye mama mwingine alishikwa na uchungu, gari likamfuata mlangoni, naye na mtoto wake wako hai.

Kisha likaja agizo: kila barabara iwekewe kibao, jina moja tu. Watu wakakutana ofisi ya mtaa. Sefu aliomba liandikwe jina la Zuhura. Wengine walimtaja Bi Nambua.

"Hicho kibao kina vyumba vingapi, wanangu?" Bi Nambua aliuliza. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mzee Chilewa, aliyetaka jina la Tausi, alimgeukia Sefu. "Mwanangu, wako alifia njiani, najua. Wangu alikuwa amekwisha pumzika, tukamwamsha."

"Ni kweli, baba," Sefu akasema, akainama.

Wakanyoosha mikono, wakahesabiana. Likapita jina la Zuhura. Nguzo ya kibao ilitakiwa isimame kona ileile ya Mzee Chilewa. Vijana walipofika na sururu, aliwapokea, akasema hapo hachimbi mtu mwingine. Akachimba shimo peke yake, akaisimamisha nguzo, akaishindilia udongo kwa miguu.

Je, mkono wenu nyinyi mngeunyooshea jina la nani?