Kambare Aliyekufa Maji

Hata kambare hufa maji. Mmemsikia babu yenu mdogo akiyasema hayo kikaoni, mkatazamana na kuziba midomo. Chekeni tu, wajukuu zangu. Samaki afe maji! Mimi nami nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikafukuzwa jikoni. Sasa huwa sicheki. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika kijiji kimoja cha mlimani juu ya ziwa, aliishi mama mfinyanzi aliyeitwa Tusekile. Alikuwa na mabinti wawili. Wa kwanza aliolewa kwenye mji wa ng'ombe wengi. Alikula akashiba, akavaa akapendeza, lakini hakuruhusiwa kuvuka ua. Baada ya miaka mitatu alirudishwa kwao akiwa hasemi. Hakuwa na kovu wala njaa. Alikuwa kimya tu, na masika hayakumkuta.

Tangu siku hiyo Tusekile aliapa kwamba binti wa pili, Tupokigwe, hatachukuliwa na mwanamume asiyejua anachokichukua. Na huyo Tupokigwe alikuwa mtu wa njia hasa! Leo yuko machimboni kwa udongo, kesho mnadani na vyungu kichwani, akiimba kwenda na kurudi.

Mila ya kwao ilimtaka mchumba alete kambare hai mlangoni kwa mama mkwe, akitembea kwa miguu kutoka ziwani. Ulikuwa mwendo wa kuanzia alfajiri hadi jua la utosi. Samaki akifika mfu, mchumba aliruhusiwa kujaribu mara moja zaidi. Akifa na wa pili, posa imekwisha.

Kijana mvuvi, jina lake Ambakisye, alimpenda Tupokigwe, naye akapendwa. Alikuwa amesikia kwa wazee kwamba kambare akifungwa majani mabichi hukaa nje ya maji siku nzima, anapumua. Basi akatupa mshipi kilindini, akavua samaki mnene, mweusi, kichwa bapa, ndevu nane. Nani angesema huyo si kambare? Akamfunga majani, akaushika mlima. Hata nusu ya njia hakufika, samaki alikuwa amekufa.

Alipomfikishia mfu huyo, Tusekile hakumfokea. Alichukua kisu, akafunua shavu la samaki, akamwonyesha ndani.

"Huyu ni wa kilindini," alisema. "Wa kinamasini ana kitu chake hapa, juu ya mashavu. Huyu hana."

"Mbona wanafanana, mama?"

"Wanafanana kwako."

Neno hilo lilimchoma Ambakisye. Kesho yake hakuchukua mshipi. Alikwenda kinamasini, mahali ambapo mto unatuama kabla ya kuingia ziwani, akaketi kwenye matete na kutazama. Asubuhi nzima hakuona kitu. Kisha maji yakapasuka, mdomo mpana ukatokea, ukameza hewa, ukazama. Punde akaja mwingine. Akaja wa tatu. Samaki walikuwa wakipanda kuvuta pumzi, kama sisi!

Nywele zilimsimama. Alizaliwa ziwani, alianza kula samaki kabla ya kumaliza kuota meno, na siku zote hizo hakuwahi kuliona jambo hili. Akajikuta amebana pumzi zake mwenyewe, akimngoja yule wa kwanza arudi juu. Aliporudi, Ambakisye alishusha pumzi na kusema peke yake, "Ee Mungu, kumbe ndivyo ulivyowaumba!"

Akatega mgono, akampata mmoja. Hapo ndipo woga ulipomharibia. Alijiambia, "Yule wa kwanza alikufa kwa kukosa maji. Huyu sitamnyima." Akachukua mtungi mpya, akaujaza mpaka ukingoni, akamtumbukiza samaki, akafunika, akaziba kifuniko kwa udongo ili hata tone lisimwagike. Alfajiri akajitwika.

Njiani akasikia kugongwa ndani ya mtungi: ngo, ngo, ngo. Alifurahi sana. "Yu hai," alisema. "Tulia bwana, tunafika." Walipokaribia kijiji kugonga kukakoma. "Amelala," Ambakisye akasema, akaongeza mwendo.

Kwenye kijito cha chini ya kijiji alitua mtungi na kufungua. Samaki alikuwa chali. Upande wa ndani wa kifuniko ulijaa utelezi na damu, na pua ya samaki ilikuwa imechubuka. Ambakisye akaketi chini. Alifunua shavu kama alivyofundishwa, na mle ndani akaona miti miwili midogo, myekundu, mmoja kila upande, yenye matawi na vitawi vilivyojikunja chini ya mfupa. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikishika hewa. Akaelewa kule kugonga kulikuwa nini.

Wanawake waliokuwa wakivua kijitoni kwa vikapu walimwona. Mmoja akamhurumia, akamnyooshea kambare wake aliyekuwa akirukaruka. "Chukua huyu, mwanangu. Si wanafanana?"

Ambakisye akatikisa kichwa. Akambeba mfu wake na kile kifuniko, akapanda hadi mlangoni kwa Tusekile. Wajomba wa binti walikuwa wamekaa wakingoja.

"Mama, nimekuletea mfu."

"Ulimnyima nini?"

"Sikumnyima kitu. Nilimpa maji mpaka yakafurika. Nafasi ya kuvuta pumzi ndiyo sikumwachia." Machozi yakamtoka mbele za watu. "Alikuwa akigonga, mama. Aligonga njia nzima, nami nikafurahi."

Tusekile alikipokea kifuniko, akapitisha kidole juu ya ile damu.

"Binti yangu mkubwa hakukosa maji," alisema. "Na aliyemwoa hajui mpaka leo alichomfanyia."

Mjomba mmoja akakohoa. "Dada, mila inasema posa imekwisha."

"Mila ilitaka samaki hai ili nijue kama mtu huyu ana macho. Nimejua."

Tupokigwe alikuwa amesimama kizingitini, udongo umemkauka mikononi. Akamtazama Ambakisye, akauliza, "Na mimi nikigonga?"

"Nitafungua."

"Nikiwa nimeshiba?"

"Hata ukiwa umeshiba, nitafungua."

Tusekile akamwekea Ambakisye kile kifuniko mikononi, akamwambia, "Basi mchukue, baba. Na watoto mtakaowazaa muwaambie: hata kambare hufa maji."