Makaa Kichwani mwa Kalunde

Kaeni chini, lakini kaeni pale ninapoiona mikono yenu. Kikopo changu cha ugoro kimepotea tangu asubuhi, na aliyepotelewa hachagui wa kumtazama. Wande, mbona unaangalia pembeni? Haya, mimi sijasema kitu. Menyeni karanga, na mkimenya msile, maana mlio wa kutafuna naujua.

Nikisema "Moto!" mwitike "Wa nani?"

Moto! Wa nani? Wa jirani. Ndiyo hivyo.

Zamani, wajukuu wangu, zamani hasa, kabla kiberiti hakijatia mguu nchi hii, moto ulikuwa unaombwa. Ukiamka ukakuta jiko limekufa, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapewa makaa mawili, unarudi unapuliza. Kuupekecha kwa vijiti ilikuwa kazi ya malengelenge, na masika vijiti vikilowa hupati hata moshi. Kwa hiyo kunyimwa moto kulikuwa sawa na kuambiwa, wewe si mwenzetu.

Katika kijiji kimoja alikuwapo mama mmoja, jina lake Kalunde. Mchapakazi, mkarimu, mama wa watu. Ila alikuwa na ugonjwa wa kushuku. Jicho lilikuwa linaona, moyo unashona. Jicho linaona uzi, moyo umekwisha kushona shuka.

Basi kuku wa Kalunde wakaanza kupotea. Leo mmoja, baada ya siku kadhaa mwingine, tena bila damu wala kelele. Na mwezi huohuo jirani mpya alikuwa amehamia, Sizya, mjane kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni, amekuja kukaa katika nyumba ya marehemu mjomba wake. Sizya alikuwa mkimya. Akikutana na mtu mzima anapiga goti, anaamkia, anapita zake. Kalunde akajiuliza, mtu mkimya namna hii anaficha nini?

Akaanza kumchunguza. Akaona Sizya anapika mlango umefungwa. Jicho likaona, moyo ukashona: anapika nini kisichotaka kuonekana? Akaona manyoya ya kuku yamefungwa pamoja kando ya jiwe lake la kusagia. Jicho likaona, moyo ukashona. Na manyoya yale, wajukuu, ni ya kufagilia unga jiweni, kila mwanamke alikuwa nayo. Hata Kalunde alikuwa nayo, lakini ya kwake hakuyakumbuka.

"Mimi sisemi," akawaambia wenzake kisimani, "ila mlango unaofungwa mchana kweupe, mimi siuelewi. Na yale manyoya jiweni pake?"

Mtu akianza na "mimi sisemi," kaeni mbali naye, ana gunia zima la maneno. Kesho yake neno lilikuwa mwizi. Keshokutwa likawa mchawi. Hilo la mchawi Kalunde hakulisema yeye, lakini aliposikia likisemwa hakulikanusha.

Asubuhi moja Sizya akaja na kigae. "Hodi, mama. Naomba moto."

"Wangu umezimika," Kalunde akajibu, na moshi unatoka juu ya paa lake.

Sizya akautazama ule moshi. "Asante, mama," akasema, akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, na ya nne, akarudi na kigae kitupu. Mzee Nkwabi, mkuu wa kijiji, akakata shauri: mwezi ukiandama, mjane aondoke. Na mtoto mchanga, na masika haya, na pori lenye simba, aende wapi? Hakuna aliyeuliza.

Mwezi haujaandama bado, ikashuka mvua ya siku nne. Maji yakaingia nyumbani, majiko yakafa moja baada ya jingine, na kila mtu akijiambia, si nitaomba kwa jirani? Siku ya tano watu wakatoka na vigae mkononi, wanakutana njiani, kila mmoja anamwomba mwenzake.

Kalunde alikuwa nyuma ya nyumba, ghala lake limeinama. Akasogeza jiwe ili aliegemeze, na chini ya ghala akatoka chatu, mnene, tumbo limetuna. Akajiburuta taratibu mpaka majanini, akapotea. Pale alipolala palibaki manyoya, ya yule jike mwekundu, na ya yule kishingo, mwenye shingo tupu.

Kalunde akakaa kwenye tope. Hapakuwa na mwingine aliyeona. Moyo ukamwambia, nyamaza, nani atajua?

Mara akasikia kelele. Moshi umeonekana juu ya paa la Sizya.

"Moto wa kijiji kizima umekufa, wake uko hai," watu wakasema. "Uchawi ndio huo."

"Mwezi hatuungoji tena," akasema Mzee Nkwabi. "Aondoke leo."

Wakashika fimbo. Kalunde akainuka na tope lake, akasimama mbele yao. Mdomo uliokuwa mwepesi kisimani sasa ulikuwa mzito, jamani, mzito.

"Kuku wangu wameliwa na chatu," akasema. "Alikuwa chini ya ghala langu mwenyewe. Nimemwona sasa hivi."

"Na manyoya ya jiweni kwake?" akauliza Mzee Nkwabi.

"Hata mimi ninayo."

"Na moshi?"

"Moshi siujui. Nakwenda kumwuliza, na kigae mkononi."

Akaenda, na wote nyuma yake. Akabisha hodi. Mlango ulipofunguliwa, yule mama mzima akapiga goti mbele ya binti. "Siku ile nilikwambia moto wangu umezimika. Nilisema uongo, mwanangu. Na kuku nilikudhania wewe. Nisamehe."

Sizya akaonyesha chungu kilichoning'inia darini.

"Mliponinyima nilifukua majivu, nikakuta kaa moja, dogo kama punje ya mtama. Nikalifunika humo, ndilo ninalolilea hadi leo. Mlango naufunga mtoto asipigwe na upepo. Nilijua kaa hilo likifa, sina pa kuomba." Akakitazama kigae cha Kalunde. "Hicho kidogo, mama. Nyumba ni nyingi."

Akatwaa chungu kipana, akatandika majivu, akajaza makaa. Akamvika Kalunde ngata, akamtwika. Kalunde akazunguka kijiji kizima, joto linamshuka utosini, na kila mlango akisema, "Moto huu ni wa Sizya. Yale niliyoyasema yalikuwa uongo." Hakuacha nyumba hata moja. Na Sizya hakuondoka tena.

Kwa hiyo mkisikia kanisani habari za mtu kupaliwa makaa kichwani, msidhani ni kuunguzwa. Ni kutendewa wema na uliyemchongea. Kuni zikiisha moto hufa, na mchongezi akinyamaza, ugomvi hufa kwa njaa.

Haya, Wande, nishike mkono niinuke. Taratibu. Ngoja, nini hiki kigumu kwenye pindo la kanga yangu?

Mh. Kikopo.

Nyinyi msicheke. Wande acheke, ana haki. Njoo hapa, mjukuu wangu. Asubuhi nilimwambia mama yako akupekue. Nilianza na "mimi sisemi." Nisamehe. Nakwenda kwake sasa hivi, kwa miguu yangu hii mibovu, na hivyo ndivyo nitakavyomwambia.

Moto! Wa nani? Wa jirani. Makaa nimewagawia, kila mmoja akapulize kwao.