Uzi Mwekundu wa Amparo

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Hadithi hii imenishinda mimi ninayeisimulia kila mwaka, ndiyo maana nawaletea tuhangaike pamoja.

Huko Meksiko, katika kijiji kimoja cha milimani, waliishi wanawake watatu waliojua tiba, kila mmoja kipande chake. Bibi Eustolia alisoma ugonjwa kwenye yai. Binti yake, Tomasa, aliyajua majani yote ya mlimani. Jirani yao Petrona, mjane, aliita roho zilizopotea zikarudi. Watu wa huko husema mtu akipatwa na hofu kubwa, roho yake hubaki palepale aliposhtukia, na nyumbani hurudi mwili tu.

Hivyo ndivyo Amparo, mtoto wa miaka minne, alivyorudi kutoka mtoni. Baba yake, Remigio, alikuwa akiwavusha yeye na mama yake, Lucina, binti mkubwa wa Eustolia, maji yakajaa ghafla. Mkono mmoja ulimshika mtoto. Wa pili, uliomshika Lucina, uliteleza. Baada ya mazishi ya mama yake Amparo aliacha kula, akaacha kusema, na kila alipomwona baba yake alitetemeka mpaka meno yakagongana. Remigio akahamia banda la mahindi, asijue la kufanya na mikono yake.

Eustolia alimpangusa mjukuu wake kwa yai bichi, utosini hadi nyayoni, akalivunja kwenye glasi ya maji na kuutazama ute ukipanda. Wote walidhani roho imebaki majini. Yeye akasema hapana, iko ukingoni, kando ya jiwe, pale mtoto alipoachwa peke yake baba aliporudi kumtafuta mama. Bila yai lile wangeita mahali pasipo na mtu. Na katika glasi hiyohiyo Eustolia aliona jinsi binti yake Lucina alivyokufa, na picha hiyo haijamtoka machoni mpaka leo.

Tomasa alipanda mlima siku mbili kutafuta mmea mchungu unaoota kwenye nyufa za majabali. Alianguka, akarudi akiburuta mguu ambao haukupona tena. Akachemsha, akamnywesha mtoto kijiko kwa kijiko, mwili uliokuwa ukizimika ukapata joto. Bila dawa ile roho ingerudi ikute maiti.

Petrona alichukua gauni la mtoto na chetezo cha ubani, akasimama kando ya lile jiwe tangu alfajiri. "Amparo, twende nyumbani. Usibaki hapa." Aliita mpaka sauti ikamkauka, kisha akaliburuta gauni chini njia nzima hadi kitandani. Mtoto akafumbua macho, akaomba chapati ya mahindi. Sauti ya Petrona haijarudi mpaka leo.

Sasa sikilizeni panapouma. Roho iliyorudishwa hufungwa kwa uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa mtoto. Uzi mmoja, fundo moja, mfungaji mmoja, na huyo ndiye mlezi wake mpaka akue. Akifunga asiyestahili, roho hurudi ilikotoka, na haiitwi mara ya pili.

Eustolia alisema mtoto ni damu ya mwanawe. Tomasa akajibu kwamba damu hiyo ni yake pia, akauonyesha mguu. Petrona hakuweza kusema kitu, alinyoosha kiganja tu, na nawaambieni kiganja kile hunitesa kuliko maneno ya wote.

Wakamwita Remigio. Alisimama nje ya kizingiti ili mtoto asimwone.

"Wewe ndiye baba, mwanangu," Eustolia akamwambia. "Chagua."

"Mama, nilishachagua mara moja, kule majini," alisema Remigio. "Siwezi tena."

Kuna wanaonijibu kwamba fundo ni lake yeye, kwani bila mkono wake hapangekuwa na mtoto wa kutibu. Mimi huwauliza: na Amparo akimwona akatetemeka, hofu ikamtoa roho tena?

Uzi uko mezani. Amparo ameketi kitandani, amenyoosha kikono chake, anangoja, na hajui anamngoja nani. Je, wewe ungeamua vipi?