Watatu Waliomtoa Tusekile Gizani

Sogeeni hapa, na wewe mwenye simu iweke kwanza mfukoni. Nina watu watatu na swali moja, na swali lenyewe hamtalikwepa.

Wa kwanza ni Dokta Yusta Kihwele. Si daktari wa sindano huyu. Ni mwanasosholojia: kazi yake kutazama sinema na tamthilia na kuhesabu nani kapewa ubosi, nani kapewa uyaya, na rangi ya kila mmoja ikoje. Kipaji chake ni jicho. Miaka tisa aliandika daftarini nani anafungua geti na nani anafunguliwa, na kila akifika mwisho wa ukurasa, walio weusi tii walikuwa upande uleule wa geti.

Wa pili ni Mzee Chipindula, fundi taa. Kipaji chake ni mkono. Mpe taa moja na shuka, atakutengenezea alfajiri saa sita mchana.

Wa tatu ni Sikudhani, mpambaji. Kipaji chake ni vidole. Akikugusa shavu tu anajua ulilala saa ngapi na nani kakuudhi.

Walikutana Tanga, mtaa wa Chumbageni, katika nyumba ya kupanga ambamo mwongozaji, Bwana Gasto, alikuwa anapiga picha za tamthilia ya hakimu mwanamke. Hakimu mwenyewe alikuwa Tusekile, binti wa Tukuyu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ambayo akisema "kimya mahakamani" hata jirani anapunguza redio. Miaka sita alikuwa ameigiza mfanyakazi wa ndani. Hiki kilikuwa kiti chake kikubwa cha kwanza.

Sasa, kwenye kioo cha kamera hakuonekana. Joho lilionekana, kiti kilionekana, ukuta mweupe nyuma yake ulimeremeta. Uso ulikuwa kivuli.

"Tuse," akasema Gasto, "hebu cheka kidogo tujue kama umefika."

Watu wakacheka. Tusekile naye akacheka, na hapo ndipo Yusta alipochomwa moyoni. Akaandika daftarini: amecheka nao.

Gasto akatazama saa. "Saa nane napeleka picha kituo cha runinga. Zikiwa hivi, kiti anakalia Lorna, yule mwigizaji wa maji ya kunde. Tuse atarudi jikoni, sufuria zote si anazijua?"

Ilikuwa saa saba. Yusta alikuwa amekaa kona yake. Aliruhusiwa kuingia mle kwa sharti moja: aone, asiseme. Akifungua mdomo anatoka, na kitabu chake cha miaka tisa kinakosa sura ya mwisho.

Gasto akamrushia Sikudhani kopo la poda, nyeupe kama sembe. "Mpake hiyo, tena nyingi."

"Nikimpaka hii atakuwa kama katoka mashineni kusaga."

"Umeajiriwa kupaka au kubishana?"

"Kupaka. Na hii sipaki."

"Basi fungasha vyako."

Sikudhani akafunika kopo. Lakini kabla ya kufungasha alichukua mafuta ya nazi, akayapasha viganjani, akampaka Tusekile paji, mashavu, pua, taratibu kama anayemwandaa mtoto siku ya Idi. "Litakalotokea," akamnong'oneza, "likukute na ngozi yako." Kisha akaenda kukunja taulo zake.

Uso bado haukuonekana. Mafuta yaling'aa vidoa viwili tu, basi.

Yusta akawa anatazama mikono ya Mzee Chipindula. Pembeni mwa kamera palibandikwa kadi kuukuu yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, nywele njano, anatabasamu. Kila mara kabla ya kupiga picha, mzee aliiweka kadi ile kitini, akarekebisha taa mpaka yule mama aonekane vizuri, ndipo akaiondoa na mwigizaji akakaa. Wote waliiona kila siku, kama mtu anavyoona msumari ukutani.

Yusta akafikiria kitabu chake. Akafikiria Tusekile alivyocheka. Akasimama.

"Shikamoo mzee wangu, samahani. Huyo mama ni nani?"

"Dokta," akasema Gasto, "tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana ninyamaze. Nitatoka. Ila nijibiwe kwanza: ndiye atakayeigiza hakimu? Maana taa zote zimewekwa kwa ajili yake."

Mzee Chipindula akaibandua kadi, akaishika kwa mikono miwili. Alipewa na Mzungu aliyemfundisha kazi, naye bado kijana. Akionekana huyu, aliambiwa, kila mtu anaonekana. Akaamini miaka arobaini. Akakaa juu ya sanduku la nyaya.

"Mwanangu, unajua unachoniambia? Maharusi wote wale niliowamulika. Marehemu mke wangu, ile picha iliyoko sebuleni. Wote niliwamulika vibaya."

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Gasto alikwisha kutoa simu kumpigia Lorna.

Mzee akainuka. Akaiweka kadi kifudifudi. Akachukua shuka jeupe la kitanda cha chumba cha pili, akalitundika ubavuni mwa Tusekile, akaigeuza taa kubwa ikapiga shuka badala ya uso. Ukuta mweupe akaufunika kwa kitenge cheusi. Mwanga ukarudi kutoka kwenye shuka umelainika, ukayakuta mafuta ya Sikudhani, ukatulia juu yake.

Tusekile akatokea. Paji, mashavu, kovu dogo la utotoni juu ya nyusi, na jicho ambalo ukimkosea utalikumbuka wiki nzima.

"Kimya mahakamani," akasema.

Hakuna aliyekuwa anapiga kelele.

Kamera ikanasa. Gasto akairudisha simu mfukoni. "Nimeona," akasema. "Sasa sikilizeni. Ipo meza ya kuchagua nani aigize nini. Tunakaa wanne, na wote tuna macho kama yangu. Nataka wa tano. Mmoja tu katika nyie watatu, mkija wote mtanitoa roho. Wengine kazi yao na mimi imeishia hapa, neno langu sirudishi."

"Mimi nilikataa poda kabla hajasema mtu," akasema Sikudhani, mfuko begani. "Tena nimefukuzwa kwa hilo."

"Umekataa leo," akasema Mzee Chipindula. "Jana uliwapaka wangapi? Mimi ndiye niliyeugeuza mwanga."

"Ulioukosea miaka arobaini, mzee wangu."

"Ndiyo. Kwa hiyo niachieni nirekebishe, na umri bado upo."

Yusta alijua kwamba bila swali lake kadi ingekuwa bado pale. Lakini miaka tisa aliona na kuandika, na hata leo kejeli ile aliiandika kwanza, akanyanyuka baadaye.

Gasto akachana karatasi, akamwekea mbele. "Dokta, wewe ndiye hodari wa kuandika. Jina moja, kabla sijaondoa gari. Hata lako, sikukatazi."

Tusekile akamsogelea, joho bado mwilini. "Andika yeyote, Dokta, ila awe mtu asiyechoka. Jumatatu wanachagua wa kuigiza daktari. Kuna binti anakuja kutoka Newala, ni mweusi kuliko mimi, na hajui kucheka wakimcheka."

Yusta akaishika kalamu. Gasto akatoka, na nje gari likawashwa.

Haya. Aliyeuliza, aliyegeuza taa, na aliyekataa poda. Ungemtoa mmoja, Tusekile asingeonekana. Kiti ni kimoja na Jumatatu haiko mbali. Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?